Leo Twatowea Nini? Kitenzi Kinachobeba Nusu ya Chakula

Waswahili tuna vitenzi vingi vya kula. Mtu hula, hutafuna, hubugia, hufakamia, humung'unya, huguguna, hulamba. Ukivitazama vizuri, karibu vyote vinaeleza kinachofanywa na mdomo: haraka au polepole, kwa pupa au kwa staha, kwa meno au kwa ulimi. Lakini kipo kimoja kisichojishughulisha na mdomo. Hicho chaeleza sahani, nacho ni kutowea.

"Leo twatowea nini?" Msomaji aliyekulia Lamu, Malindi, Mombasa au Vanga hana haja ya kufasiriwa swali hili. Mimi huu ni mwaka wa kumi na moja naishi Nakuru, na kila nikiliuliza hapa najibiwa kwa macho tu. Wenyeji wa hapa Kiswahili wanakijua, tena wanakisema kutwa kucha, sokoni, ofisini na kwenye matatu. Lakini kitenzi hiki hawanacho. Wengine hudhani nimesema "kutoweka" na huniuliza nani kapotea. Hata watoto wa watu wa Pwani waliozaliwa huku, ambao nyumbani hula wali wa nazi kila Ijumaa, wengi wao hawajui kwamba kile wanachokifanya kina jina.

Nimeona nikiandikie makala, kwa sababu naamini tukikipoteza hatutapoteza neno peke yake. Humo ndani mna adabu, na mna haki ya mtu.

Maana yake hasa

Kutowea ni kula kitu pamoja na chakula kikuu ili chakula hicho kiteremke na kipate ladha. Chakula kikuu ni wali, sima, mkate, mahamri, muhogo au ndizi. Kinachotowewa ni samaki, nyama, mchuzi, mbaazi, kunde, mchicha, maziwa, hata chumvi na ndimu kwa siku ambayo hakuna kingine.

Tazama jinsi kitenzi kinavyofanya kazi. Mtu akisema "natowea papa", hakutaja wali. Hana haja. Kitenzi chenyewe kimeshasema kwamba upo wali au sima, na papa ni wa kuusindikiza. Kwa hiyo neno hili moja linabeba vyakula viwili: kimoja kimetajwa, kingine kimenyamaziwa lakini kila mtu anajua kipo. Mtu aliyekaa na kipande cha papa peke yake, bila wali wala sima, hatowei. Huyo anakula papa.

Kuna jambo jingine. Kutowea kuna kipimo ndani yake. Kitoweo ni kichache na wali ni mwingi, basi lazima kimoja kigawiwe ili kimfikishe mtu mwisho wa kingine. Ndio maana mama zetu walitukanya: towea polepole, usimalize samaki na wali ungalipo. Mtoto aliyekula nyama yote mwanzo akabaki na sima kavu hakuhesabiwa ameshiba vizuri. Alihesabiwa hajafundishwa kula.

Kilikotoka

Wengi wanalijua neno "kitoweo" na wanadhani ndilo la asili. Mambo ni kinyume. Kitoweo ni mtoto, kutowea ndiye mzazi. Lugha yetu ina mtindo wa kuchukua kitenzi, kukitia "ki" mbele na "o" nyuma, likatoka jina la kitu kinachofanyia kazi ile. Kufunika kunazaa kifuniko. Kuziba kunazaa kizibo. Kuchochea kunazaa kichocheo, na kuegemea kunazaa kiegemeo. Vivyo hivyo kutowea kunazaa kitoweo: kitu cha kutowelea. Anayesema kitoweo bila kukijua kitenzi chake ni kama aliyeshika kifuniko na hajui kufunika ni nini.

Hakuna uhusiano wa maana kati ya neno hili na "kutoweka", ambako ni kupotea machoni, ingawa mzaha wa watoto kwamba kitoweo ndicho kitu cha kwanza kutoweka sahanini una ukweli wake. Wala si "kutowa", vile wengi wetu wa Pwani tunavyotamka kutoa.

Wala si neno la mtaani lililozuka juzi. Kamusi kubwa ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalo, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 inalo. Ni Kiswahili sanifu kamili, limeandikwa na kupigwa chapa. Lililopungua ni vinywa vya kulisema.

"Kwa" ya Pwani na "na" ya bara

Hata pale ambapo kitenzi hakitajwi, Kiswahili cha Pwani kinaonyesha kwamba mtu anatowea. Sisi husema mahamri kwa mbaazi, wali kwa mchuzi, sima kwa samaki, mkate wa mofa kwa supu. Hiyo "kwa" si ya bure. Ni ile ile ya kukata kwa kisu na kusafiri kwa mashua. Inasema mbaazi ndizo zinazoyafikisha mahamri yanakokwenda.

Nakuru watu husema ugali na nyama, chapati na maharagwe. "Na" inaviweka vitu viwili bega kwa bega, kila kimoja kikijitegemea. Kwenye vibanda vya chakula hata hiyo "na" huangushwa: mteja aagiza "ugali matumbo" au "chapo dondo", na mhudumu ameshaelewa. Lugha imekwenda mbio, chakula kimefika mezani, hakuna aliyekosea. Lakini kile kiungo kilichosema kipi kinamsindikiza mwenzake kimeachwa njiani.

Mboga iliyomeza vyote

Hapa Nakuru swali langu lina tafsiri yake. Wao huuliza, "Mboga leo ni nini?" Na jibu laweza kuwa, "Mboga ni nyama." Mara ya kwanza masikio ya mtu wa Pwani hukataa. Kwetu mboga ni mboga: mchicha, mnavu, kisamvu, majani ya kunde. Nyama haiwezi kuwa mboga hata siku moja. Lakini huku "mboga" limekuwa jina la chochote kinacholiwa na ugali, kiwe jani, dengu, mayai, omena au mbuzi. Tanzania bara nako ni hivyo hivyo. Yaani mboga imepewa kazi ya kitoweo.

Nadhani sababu yake tunaiona sahanini. Bonde la Ufa la kati ni nchi ya majani mabichi. Molo, Njoro, Mau Narok, Bahati, kote huko ni kabichi, karoti, viazi na sukuma wiki. Kwa familia nyingi kinachoushusha ugali siku tano au sita za wiki ni jani, na jina la kile kinacholiwa kila siku likatanda juu ya vingine vyote. Sukuma wiki yenyewe jina lake latosha kueleza: ni kitoweo cha kuisukuma wiki ifike mwisho wakati mfuko umepwaya. Nasi huko Mombasa tusijione tumejitenga. Viazi na kabichi vinavyoshushwa Kongowea vingi vimepanda lori huku milimani. Mbatata iliyo ndani ya mchuzi wako, ndugu msomaji, pengine huku Nakuru iliitwa waru.

Majani yenyewe pia ni yale yale, yamebadili majina tu. Wanachokiita managu ni mnavu wetu. Saget, au isagek ya Wakalenjin, ni mgagani. Terere ni mchicha. Mpwani anayefika hapa na kudai hakuna cha kutowelea hajatembea sokoni. Kimoja tu hana karibu: samaki wa bahari. Ziwa Nakuru lina maji ya magadi na halitegemewi kwa samaki wa sahani. Samaki wa huku hutoka Naivasha na Ziwa Victoria, na nazi hupanda kutoka kwetu.

Vyakula vingine vya huku havina nafasi ya kutowea hata kidogo. Githeri ni mahindi na maharagwe yaliyopikwa chungu kimoja. Mukimo ni viazi, mahindi na majani yaliyopondwa pamoja. Humo chakula na kitoweo vimeshafungishwa ndoa jikoni kabla ya kufika mbele ya mlaji. Huwezi kutowea githeri. Unaila tu. Kwetu mfano wa karibu ni pilau, ambayo nyama imo ndani yake. Hata hivyo, Mswahili huona haijakamilika mpaka aletewe kachumbari, ndimu na pilipili, apate angalau kitu cha kutowelea.

Kwa upande mwingine Wakalenjin wanatowea haswa, ingawa hawatumii neno letu. Ugali wao, kimnyet, huliwa kwa mursik, yale maziwa ya kugandisha katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu. Tonge moja, funda moja. Bibi wa Kipwani aliyezoea sima kwa maziwa ya mgando angekaa mkekani pamoja nao bila kufundishwa.

Kisha kuna nyama choma. Hapo mambo yamepinduka. Watu hununua nyama kwa kilo, huletwa juu ya ubao imekatwakatwa, na ugali huja nyuma yake kidogo, pamoja na kachumbari. Kinachosindikizwa ni nyama, na kinachosindikiza ni ugali. Kwa kanuni ya kitenzi chetu, pale ubaoni anayetowewa ni ugali! Nililisema hili mbele ya wenzangu wa kazini wakacheka sana, lakini mmoja akakubali kwamba siku hiyo ugali ndio uliobaki.

Reli ilileta mengi, hili halikupanda

Nakuru ni mji uliozaliwa na reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika ukingo wa Ziwa Victoria mwaka 1901, na kituo cha Nakuru kikageuka mji, hata kutangazwa jiji Desemba 2021. Kwa njia hiyo Kiswahili kilipanda na wapagazi, mafundi, wapishi, askari na wafanyabiashara. Mtaa kama Bondeni, mmoja wa mitaa ya zamani ya mji huu, mpaka leo husikii tabu kumpata mzee wa Kiislamu anayekisema Kiswahili kilichonyooka.

Lakini lugha inayosafiri hubeba mzigo mwepesi. Watu wa makabila mbalimbali waliokutana kazini walihitaji maneno ya kuelewana haraka, na "kula" lilitosha. Neno hili "kula" wengi walilijua kabla ya kufundishwa, kwa kuwa shina lake ni moja katika lugha nyingi za Kibantu: Mkikuyu husema kũrĩa, Mganda kulya, Mzulu kudla. Kutowea hakukuwa na bahati hiyo. Kulibaki Pwani pamoja na nazi.

Leo vijana wa Nakuru wameongeza yao. Kwa Sheng mtu "hudishi" au "humanga". Hilo la pili humchekesha Mpwani, maana kwetu Manga ni Uarabuni, kama katika pilipili manga na komamanga. Siwalaumu vijana, kila kizazi hujitengenezea maneno. Nasema tu kwamba kumanga na kudishi vyote viwili ni kula kwa nguo mpya. Hakuna hata kimoja kilichojaza nafasi ya kutowea.

Si Waswahili peke yao

Mtu asidhani haya ni madoido ya watu wa Pwani. Dunia nzima walao nafaka wamekigawa chakula mara mbili na kuyapa mafungu yote mawili majina. Waganda wana enva. Wachewa wa Malawi wana ndiwo, Wabemba wa Zambia umunani. Wazulu wana isishebo, tena wana na kitenzi chake, kusheba, ndugu kamili wa kutowea kwa maana. Wanorwei, watu wa mbali kabisa na joto letu, wana neno pålegg, yaani kinachowekwa juu, nalo hukusanya chochote cha kulia mkate: jibini, samaki, nyama, hata jamu. Chakula chao cha kila siku ni mkate, na wakaona kinachoukalia mkate kinastahili jina la jumla.

Wagiriki wa kale walitenganisha sitos, yaani nafaka na mkate, na opson, yaani kitoweo. Mwandishi Xenophon anasimulia jinsi Socrates alivyomtolea maneno kijana mmoja karamuni aliyekuwa akila opson bila mkate. Kwao huo ulikuwa ulafi na kukosa malezi, kama kwetu. Na kwa kuwa kitoweo cha watu wa pwani ile kilikuwa samaki mara nyingi, kutokana na opson kukatokea neno la Kigiriki cha leo psari, maana yake samaki. Mswahili anaelewa bila kuelezwa. Mtu akitoka Marikiti na kusema "nimepata kitoweo", wa kwanza kufikiriwa ni samaki.

Idamu katika dini yetu

Waarabu kitoweo hukiita idamu, na wao pia wana kitenzi chake, i'tadama: kula mkate kwa idamu. Katika Sahihi Muslim, Jabir bin Abdillahi (r.a.) anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliwauliza watu wa nyumbani kwake kama kuna idamu. Wakamwambia hawana ila siki. Akaitaka iletwe, akawa anatowea kwayo huku akiisifu kwamba ni idamu njema. Jabir anasema tangu siku hiyo aliipenda siki. Na katika Surat Al-Muminun, aya ya 20, Mwenyezi Mungu anautaja mti utokao mlima Sinai unaotoa mafuta na kitoweo kwa walaji. Neno la Kiarabu lililotumika pale latokana na shina la kutia rangi, kwa sababu tonge lililochovywa hubadilika rangi.

Mafakihi hawakuliacha neno hili lielee. Waliuliza: mtu akiapa kwamba hatakula idamu, kisha akala nyama ya kuchoma, kiapo chake kimevunjika? Katika Al-Hidaya, kitabu mashuhuri cha madhehebu ya Hanafi kilichotungwa na Al-Marghinani, imeelezwa kwamba kwa Abu Hanifa idamu ni kinachochovewa, na nyama ya kuchoma si idamu, lakini chumvi ni idamu. Mwanafunzi wake Muhammad bin Al-Hasan alisema kila kinacholiwa na mkate kwa desturi ni idamu. Wenzangu wa nyama choma hapa Nakuru wangemkuta Abu Hanifa upande wao: ubao ule si wa kutowea.

Kitoweo ni haki

Sasa nifike mahali panaponikera. Katika fiqhi ya Kishafi, ambayo ndiyo yetu watu wa Pwani, matumizi ya mke hayakutajwa kwa jumla tu kuwa ni "chakula". Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj yake alitenganisha. Kwanza kuna chakula kikuu, kwa kipimo: vibaba viwili vya mudi kwa siku kwa mume mwenye uwezo, kimoja na nusu kwa wa kati, kimoja kwa asiye na uwezo. Gharama ya kusaga na kuoka iko juu yake mume. Kisha akakitaja kitoweo peke yake: mume anawajibika kutoa kitoweo kinachotumika zaidi katika mji ule, kama mafuta, samli, jibini au tende, kikibadilika kwa msimu, na kadhi akikikadiria kulingana na hali ya mume. Na nyama, kwa kadiri ya uwezo wake na desturi ya mji.

Kisha Nawawi anaongeza jambo ambalo ningependa kila mwanamume alisikie: hata kama mke ana mazoea ya kula mkate mtupu, kitoweo bado ni wajibu. Kwamba amezoea ukavu hakumfutii haki yake.

Nalisema hili kwa sababu nalisikia mitaani, Nakuru na Mombasa sawia. Mume anaacha unga jikoni, anatoka, na akiulizwa anajibu, "Nimewaachia chakula, nao hawafi njaa." Mama ndiye wa kuhangaika na sukuma ya mkopo kwa jirani, na nyanya mbili, na kipande cha kitunguu. Unga unahesabiwa, kitoweo kinafanywa kama mambo ya wanawake. Lugha imemsaidia huyu mume. Ukiwa na neno moja tu, kula, basi aliyeleta unga ameleta chakula, mjadala umekwisha. Lakini ukiwa na kitenzi cha pili, mkewe anaweza kumuuliza swali fupi lisilo na matusi: "Unga tumeuona, baba fulani. Twatowea nini?" Swali hilo linamwambia amefika nusu ya njia.

Mimi si kadhi na hii si fatwa. Mwenye shauri lake la ndoa, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imempa Mahakama ya Kadhi, na hapa Nakuru ipo. Ninachosema ni kwamba haki isiyo na jina ni vigumu kuidai.

Jina limebaki, limepinda

Kuna wanaosema, "Mbona kitoweo twakisoma magazetini?" Kweli. Lakini angalia kinavyotumiwa. Ng'ombe wa mtu akiibwa, mwandishi ataandika wezi wamemgeuza kitoweo. Mamba akimkamata mbuzi, mbuzi kawa kitoweo cha mamba. Hapo neno limekuwa sawa na "nyama" au "windo", na sote twajua mamba hana sima pembeni. Hayo ndiyo yanayotokea jina likikatwa kutoka kwenye kitenzi chake. Hupepea, likaangukia maana yoyote iliyo karibu.

Kitenzi chenyewe kingelilinda. Na kina heshima nyingine ambayo "kula" imeshaipoteza. Kenya hii watu hula rushwa, hula njama, hula fedha za umma, na wanasiasa huambizana zamu ya kula imefika kwa nani. Sijapata kusikia mtu akitowea fedha za umma. Kitenzi chenye kipimo ndani yake hakimfai mlafi.

Tufanye nini

Sipendekezi tuwasahihishe watu wa Nakuru. "Mboga" yao inawafaa, na mgeni haendi nyumbani kwa watu akawabadilishia majina ya vyungu. Nawazungumzia watu wetu, wa Pwani na walio bara kama mimi. Kitenzi hakihifadhiwi kwa kuandikwa kamusini, maana humo kimo tangu zamani na bado kinatuponyoka. Kinahifadhiwa jikoni. Muulize mwanao anapotoka chuoni: leo ungependa kutowea nini? Mwambie mpishi aongeze mchuzi wa kutowelea. Mkiwa kwenye sinia moja, mkumbushe mdogo alichofundishwa na Mtume (s.a.w.): ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Halafu mwongezee la mama zetu: atowee kwa kipimo, kwa sababu nyama iliyo katikati ya sinia ni ya watu wote.

Walimu wa Kiswahili wanaofundisha "kitoweo" kama msamiati wa jikoni wangeweza kuongeza dakika tano wakaeleza kilipotoka. Mtoto akijua kuchochea kunazaa kichocheo na kutowea kunazaa kitoweo, amepata kanuni nzima, si neno moja.

Na sisi waume, tunapotoka asubuhi tukaacha pesa mezani, tuhesabu mara mbili: hizi za unga, hizi za kutowelea. Zikiwa chache, ziwe chache kwa yote mawili. Siki ilitosha katika nyumba bora kuliko zetu, lakini hata huko iliulizwa, ikaletwa, ikasifiwa.

Wabillahi tawfiq.